Umri Umekwenda, Goti Linauma: Uitikie Wito wa Timu ya Taifa?

Mrushaji wa kasi katika kriketi huanza kukimbia akiwa mbali, hatua kumi na tano au ishirini nyuma ya mstari. Anaongeza mwendo, anaruka, anatua kwa mguu wa nyuma, kisha anaubamiza ule wa mbele huku mgongo ukijipinda upande mmoja na mkono ukipita juu ya kichwa. Kwa kitambo hicho kifupi mguu wa mbele unabeba mzigo unaofika mara tano ya uzito wa mwili wake, na pengine zaidi. Mpira ukishaondoka, anarudi alikotoka kwa miguu, anageuka, anafanya tena. Akifanya mara sita amemaliza ova moja.

Nimeanzia hapo kwa sababu mjadala wa mchezaji mkongwe aliyeumia huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa. Ana miaka thelathini na sita, amekwisha, aende akapumzike. Mwingine anajibu: mbona fulani alicheza hadi arobaini? Wanabishana kibarazani mpaka chai inapoa, na mwenye goti lake amekaa pembeni hana la kusema. Umri peke yake hausemi mengi. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: ulichokifanya leo, utaweza kukirudia keshokutwa, kwa kasi ileile, bila kumeza kidonge? Anayeweza kurudia ana haki ya kuitwa hata kama ndevu zina mvi. Asiyeweza, hata awe na miaka ishirini na minane, anakwenda kuwabebesha wenzake kazi yake.

Najua wengi mnaosoma haya Chanika, Kabuku, Mkata, Mombo au Manundu mnacheza mpira wa miguu, netiboli, au mnakimbia. Kriketi kwa Tanzania ni mchezo wa Dar es Salaam zaidi. Lakini vijana wetu wanavaa jezi ya taifa katika mchezo huo na wanakwenda mbali: mwaka 2025, kule Harare, Tanzania ilifika nusu fainali ya kufuzu Kombe la Dunia la T20, yaani kriketi ya ova 20 kwa kila timu, na kutolewa na Namibia, ikiwa imebakiza mechi moja tu kuingia Kombe la Dunia. Na kriketi ina jambo linaloufaa mjadala huu kuliko mchezo mwingine wowote: kazi ya mrushaji inahesabika mpira kwa mpira. Straika anayeuguza goti anaweza kusimama karibu na boksi akisubiri krosi, na jukwaa zima lisijue. Mrushaji wa kasi hana pa kujificha. Akipunguza mwendo kidogo, mpigaji anaona, na mpira unakwenda nje ya uwanja. Kwa hiyo ukilielewa goti lake, utalielewa na lako.

Tuangalie ratiba, maana humo ndimo watu wanamoumia. Mashindano ya Afrika ya kufuzu Kombe la Dunia la T20 yalichezwa Windhoek, Namibia, kuanzia tarehe 22 hadi 30 Novemba 2023. Zilikuwa timu saba, Tanzania ikiwemo, na kila moja ilikuwa na mechi sita ndani ya siku tisa. Katika T20 mrushaji haruhusiwi kuzidi ova nne, yaani mipira 24, na mtu akisikia hivyo anaona kazi nyepesi. Piga hesabu. Mipira 24 mara mechi sita ni 144, yote kwa nguvu zote, kwa sababu T20 haina ova ya kupumzikia. Ongeza mipira ya kupasha misuli kabla ya kila mechi, ongeza kukimbiza mipira ya wengine, ongeza kujirusha chini kuzuia mikimbio, yaani alama za wapigaji. Kano iliyokwisha kuchanika mara moja, ya goti au ya kisigino, haitulii ndani ya saa 48. Siku ya kwanza utapita vizuri na kocha atakupiga begani. Siku ya tano ndiyo itakayokuumbua.

Wenzetu wa nchi kubwa wana mahali pa kurudi nyuma. Lasith Malinga wa Sri Lanka alipoona goti halimudu tena mechi za siku tano aliachana nazo mwaka 2011, akiwa na miaka 27 tu, akabaki na mechi fupi. Septemba 2019, akiwa na miaka 36, aliwatoa wapigaji wanne wa New Zealand kwa mipira minne mfululizo. James Anderson wa England alikwenda upande mwingine: baada ya mwaka 2015 hakucheza tena mechi fupi za kimataifa, akabaki na zile za siku tano, na aliagana nazo uwanja wa Lord's Julai 2024 akiwa na miaka 41 na wiketi 704, yaani wapigaji aliowatoa. Mmoja alikimbilia mechi fupi, mwingine ndefu, na wote walipona kwa kupunguza.

Mtanzania ana nini cha kupunguza? T20 ndiyo mechi anayoitwa mara nyingi. Mechi za ova 50 zipo, na huko mrushaji anaweza kupewa hadi ova kumi, lakini nazo hupangwa kwa mashindano yaliyobanwa ndani ya wiki mbili hivi. Hakuna ngazi ya chini ambayo mkongwe anaweza kushukia huku akiendelea kuvaa jezi ileile. Ndiyo maana simuungi mkono mtu anayemwambia mchezaji wetu, "Mbona Anderson alifika arobaini na moja?" Anderson alikuwa na mkataba wa mwaka mzima, madaktari, wataalamu wa viungo, na ruhusa ya kukaa nje mwezi au miezi bila kukosa mlo. Hata hivyo, Agosti 2019 kwenye uwanja wa Edgbaston, madaktari hao wote walipomwona yuko tayari, alirusha ova nne tu na nyama za mguu zikagoma. England ikamaliza mechi ikiwa na mrushaji pungufu, na Australia ikashinda kwa tofauti ya mikimbio 251.

Hilo la mrushaji pungufu watu wa mpira wa miguu hawalifahamu vizuri, kwa hiyo nikae nalo kidogo. Kwenye soka ukiumia dakika ya kumi, benchi linainuka, anaingia mwingine na mchezo unaendelea. Kwenye kriketi, ukiumia goti au mgongo, mchezaji wa akiba anaruhusiwa kuingia kudaka na kukimbiza mpira, lakini haruhusiwi kurusha. Timu ya T20 ina ova 20 za kurusha na kila mtu mwisho wake ni nne, kwa hiyo inahitaji warushaji watano walio wazima. Wewe ukitoka baada ya ova moja, ova zako tatu zinamwangukia mtu ambaye hakujiandaa kuzirusha, mbele ya wapigaji wanaomsubiri kwa hamu. Dale Steyn, mmoja wa warushaji wakali kuliko wote waliopata kutokea Afrika, alirudi kutoka kwenye jeraha la bega mwanzoni mwa 2018, na mechi hiyohiyo ya Cape Town dhidi ya India ikamwumiza kisigino. Afrika Kusini ilishinda kwa kuwa ilikuwa na warushaji wengine watatu wa kasi wa kiwango cha dunia. Sisi tukipoteza mmoja, anayefuata mara nyingi ni kijana aliyekwenda kujifunza.

Sasa nizungumze na wale wanaonitajia wakongwe wa Afrika Mashariki. Wapo, na sifa zao ni za haki. Aasif Karim wa Mombasa alikuwa amekwisha kustaafu alipoitwa tena na Kenya kwa Kombe la Dunia la 2003. Tarehe 15 Machi mwaka huo, mjini Durban, akiwa na miaka 39, alichukua wiketi tatu za Australia, ya Ricky Ponting ikiwemo, na katika ova 8 na mipira miwili aliruhusu mikimbio saba tu. Frank Nsubuga wa Uganda alikuwa na miaka 43 tarehe 5 Juni 2024, kule Guyana, aliporusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio minne na kuchukua wiketi mbili, na Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia. Lakini angalia kazi waliyofanya. Wote wawili ni warushaji wa spini. Wanakuja kwa hatua chache, wanazungusha mpira kwa vidole, mguu unatua taratibu. Kumtaja Nsubuga ili kumtia moyo mrushaji wa kasi mwenye goti bovu ni kumdanganya, hata kama nia ni njema.

Wa kasi ninayemkumbuka mimi ni John Nagenda wa Uganda. Alikuwa na miaka 37 alipovaa jezi ya Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza, Birmingham, tarehe 7 Juni 1975, dhidi ya New Zealand. Siku hiyo Glenn Turner alipiga mikimbio 171 bila kutolewa, warushaji wetu wakateseka, na Nagenda akaambulia wiketi moja. Hakucheza mechi nyingine ya kiwango hicho. Lakini alikuwa na mahali pa kwenda: aliandika riwaya, aliandika magazetini miaka mingi, akawa mshauri wa Rais wa Uganda, hadi alipofariki Machi 2023. Habari yake ina mengi ya kumfundisha mchezaji wetu kuliko ya Malinga, na nitaieleza nikifika kwenye habari ya mkate.

Kuna hadithi moja inayotuponza sisi Watanzania katika jambo hili, nami naigusa kwa heshima kubwa. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia, akafungwa bandeji na kuendelea mpaka mwisho. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye alikuwa wa 57. Tunaisimulia shuleni, tunaisimulia kambini, na mchezaji anayechechemea anaisikia kama amri: usiache. Sehemu tusiyoisimulia ni kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alishika nafasi ya tano katika marathoni. Aliuguza, akapona, akajiandaa, akarudi akiwa mzima. Na ile siku ya Mexico hakuwa na mechi nyingine keshokutwa, wala hapakuwa na mwenzake wa kubebeshwa sehemu yake. Ushujaa wake hauwezi kutumika kumpandisha ndege mrushaji ambaye goti lake linajaa maji kila akicheza.

Basi utajuaje kama unaweza kurudia? Jipime nyumbani, kabla ya kambi, kabla ya mtu kukukatia tiketi. Tafuta uwanja mkavu, upime hatua zako zote za kukimbilia. Siku ya kwanza, baada ya kupasha misuli vizuri, rusha mipira 24 kwa kasi ya mechi, ukipumzika kila baada ya sita. Mtu mwingine asimame ahesabu na kuandika: mingapi imetua ulipokusudia, na ni kuanzia mpira wa ngapi ulianza kupunguza mwendo. Awe mtu asiyekuogopa. Siku ya pili usirushe. Alfajiri, ukitoka kitandani, kabla hujajinyoosha, chuchumaa chini kabisa kama unavyochuchumaa chooni, kisha simama bila kushika ukuta. Ukishindwa, au goti likikwama njiani, andika. Simama kwa mguu mmoja, inua kisigino na kukishusha taratibu mpaka uchoke, hesabu, kisha mguu wa pili. Mguu mzima ukifika ishirini na tano na mbovu ukaishia kumi na mbili, hiyo ni taarifa muhimu kuliko maneno ya shabiki yeyote. Siku ya tatu rusha tena 24. Siku ya tano rusha tena 24. Siku zote hizo usimeze dawa ya maumivu, maana dawa itajibu mtihani kwa niaba yako.

Mwisho linganisha daftari la siku ya kwanza na la siku ya tano. Kama kasi imebaki, mpira unatua unakotaka, na goti halikuvimba, itikia wito kwa moyo mweupe, wala usimsikilize anayekuhesabia miaka. Kama siku ya tano ulikuwa unaburuta mguu, jibu unalo tayari. Wa mpira wa miguu abadilishe mipira iwe mbio za kasi za mita thelathini zenye kusimama ghafla na kugeuka. Wa netiboli ahesabu kuruka na kutua kwa mguu mmoja. Mkimbiaji anajua mwenyewe siku zake ngumu ni zipi.

Halafu uhesabu kazi nyingine zote, na hapa Handeni na Korogwe tunajidanganya sana. Mchezaji wa Ulaya akimaliza mazoezi anakwenda kulala. Wa kwetu anatoka mazoezini anapanda bodaboda, anafanya safari za abiria mpaka saa nne usiku, mguu uleule ukishika ardhi kila anaposimama. Mwingine yuko kwenye mkonge tangu alfajiri, anainama kukata, ananyanyuka na mzigo. Msimu wa mahindi Handeni anabeba magunia, na wiki hiyohiyo anaambiwa aongeze mazoezi kwa sababu mashindano yamekaribia. Mwili haujui kutofautisha mpira na jembe. Hatari kubwa iko kwenye kuongeza kazi ghafla: mtu aliyekaa mwezi bila kurusha, akaingia kambini na kurusha kila siku, mara nyingi haumii siku hiyo, anaumia wiki mbili au tatu baadaye, mashindano yakiwa katikati. Ukijua utaitwa, anza kuongeza mipira kidogo kidogo miezi miwili kabla, na wiki za mashindano mpe pikipiki ndugu yako aiendeshe. Kama familia haiwezi kukosa hela ya bodaboda kwa wiki hizo, hilo nalo ni jibu, na halina aibu.

Kuhusu dawa nitasema wazi. Wako wazee wetu wenye mikono ya kweli ya kukanda, na msuli uliochoka unafaidika. Lakini goti linalovimba siku ya pili, linalokwama, linaloachia ukishuka ngazi, usilipeleke kukandwa. Mgongo unaouma usiku ukiwa umelala, au ganzi inayoshuka mguuni, usiupeleke kukandwa. Nenda hospitali: Magunga kama uko Korogwe, hospitali ya wilaya kama uko Handeni, na uombe rufaa ya Bombo ikibidi. Ukihitaji bingwa wa mifupa, mabasi ya Moshi na ya Dar es Salaam yote yanapita Korogwe, na huko kuna KCMC na Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Uliza gharama ya kipimo mapema, na kama una bima uliza inalipia nini. Eksirei huonyesha mfupa. Gegedu na kano huonekana kwa kipimo cha MRI, kwa hiyo usitulie kwa sababu tu picha ya kwanza imetoka safi.

Diclofenac inayouzwa kila duka la dawa inaficha maumivu na inachosha tumbo na figo, hasa ukicheza juani ukiwa umepungukiwa maji. Kuitumia kwa siku chache kwa maelekezo ya daktari ni tiba. Kuimeza kabla ya kila mechi ni kujinyima taarifa za mwili wako mwenyewe. Sindano ya steroidi, ile inayochomwa kwenye kiungo na maumivu yakatoweka kama hayakuwepo, inaweza kudhoofisha kano ikaja kukatika kabisa. Mtu akitaka kukuchoma uwanjani ili ucheze leo, mwulize akutajie jina la dawa na aiandike kwenye karatasi. Asipotaka kuandika, usikubali.

Kijana aliyevunjika na mkongwe aliyechakaa wasichanganywe. Dennis Lillee wa Australia aligundulika kuwa na nyufa kwenye mifupa ya mgongo mwaka 1973, akiwa na miaka 23, akakaa nje zaidi ya mwaka, akaujenga upya mwili wake, akarudi na kucheza mpaka Januari 1984. Mfupa wa kijana ukipewa muda huunga. Gegedu lililolika kwa miaka kumi na tano halirudi, na hakuna zoezi la kulirudisha. Mazoezi yanaimarisha misuli inayolizunguka tu. Kwa hiyo wazazi wa kijana wa miaka ishirini mwenye maumivu ya mgongo msimfukuze uwanjani kwa kusoma makala haya. Mpeni mwaka.

Ukishajua hali yako, mwambie kocha kabla kikosi hakijatangazwa. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hofu na kwa heshima. Maneno yenyewe hayahitaji kuwa mengi. "Shikamoo kocha. Nimejipima wiki hii. Siku ya kwanza niko sawa, siku ya tano mguu unakataa. Naweza kukupa mechi mbili zenye mapumziko ya siku tatu katikati, siwezi kukupa sita." Kocha mwenye akili atashukuru, na huenda akaamua kukuchukua kwa mechi hizo mbili. Huo ni uamuzi wake, naye ataufanya akijua ukweli. Kinachoumiza timu ni mchezaji anayesema "niko fiti" uwanja wa ndege na kuomba barafu hotelini.

Upande wa makocha na viongozi, nina ombi. Mnajua kwamba mchezaji anaficha jeraha kwa sababu akisema anapoteza posho na jina. Mtafutieni nafasi nyingine ndani ya kambi kabla hamjamtaka awe mkweli. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la umri wao kwa mara ya kwanza katika historia ya Tanzania. Warushaji wa kasi wa kundi hilo wanahitaji mtu wa kuwaonyesha namna ya kushika mpira wakati mkono una jasho, namna ya kupunguza kasi bila mpigaji kujua, na namna ya kulala usingizi usiku wa kuamkia mechi. Mkongwe mwenye goti bovu anayajua yote hayo.

Na mkate je? Nimeahidi kurudi kwa Nagenda. Alipomaliza mechi yake ya Birmingham hakulazimika kung'ang'ania nyingine ili ale, na uhuru huo ni mkubwa kuliko kipaji. Wakenya Thomas Odoyo na Steve Tikolo, waliocheza Kombe la Dunia mara tano kila mmoja, waligeukia ukocha: Odoyo akaifundisha Kenya, Tikolo akaifundisha Uganda. Hapa kwetu wanariadha wengi wana ajira majeshini, na Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 2025, ni askari wa JWTZ. Mwenye ajira anaweza kusema ukweli kuhusu goti lake.

Asiye na ajira aangalie yaliyotokea mkoani kwetu. Mgambo JKT ya Kabuku ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2012/13, na watu wa Handeni wakawa na timu yao ya kwenda kuishangilia uwanja wa Mkwakwani. Msimu wa 2015/16 ikashuka, pamoja na Coastal Union na African Sports, timu zote tatu za Tanga kwa mpigo mmoja. Hakuna goti lililosababisha hilo, lakini kwa mchezaji aliyefikisha thelathini na zaidi milango ilifungwa siku moja. Mchezo unaweza kukuacha kabla hujauacha. Kwa hiyo ukiwa bado unalipwa, hata kama ni posho ndogo, nunua kitu kinachozalisha, somea udereva wa magari makubwa, maliza cheti cha ualimu, chukua kozi ya uamuzi au ya ukocha ya ngazi ya kwanza wakati jina lako bado linafungua mlango.

Kutundika daluga za kimataifa hakukulazimishi kutoka uwanjani. Imran Khan alikuwa na miaka 39 na bega bovu alipoiongoza Pakistan kwenye fainali ya Kombe la Dunia Melbourne mwaka 1992. Alikuwa amekwisha kupunguza kurusha na kupanda juu kwenye safu ya wapigaji, na siku hiyo alipiga mikimbio 72, mingi kuliko mwenzake yeyote. Cheza klabu Jumamosi, mara moja kwa wiki, kwa hatua fupi zaidi na mpira wa taratibu zaidi. Beki wa pembeni aliyechoka arudi katikati. Mkimbiaji wa mita 1,500 apande mbio ndefu za polepole kwenye barabara ya lami ya Korogwe hadi Handeni, alfajiri, kabla ya malori.

Ukiamua kuacha timu ya taifa, usingoje uachwe. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa chama cha mchezo wako, nakala kwa Afisa Michezo wa wilaya, uifikishe kabla ya kambi inayofuata kuitwa. Eleza jeraha lako kwa jina alilolitaja daktari. Taja kazi unayoweza kuifanya kambini bila kucheza. Na kama kuna kijana unayemwona anafaa kupewa ova zako nne, weka jina lake humo.